Bunduki na Shabaha Katika Katanga

Wengi wetu hapa Lubumbashi tuna jamaa vijijini wenye bunduki, na mara nyingi husifiwa ile yenye mlio mkubwa. Basi tutazame habari za zamani, tujue kama mlio ndio unaoangusha nyama.

Jina la Bayeke maana yake ni wawindaji wa tembo. Hao walitoka Unyamwezi pamoja na Msiri, wakakaa Katanga karibu na mwaka 1856, wakajenga Bunkeya, kaskazini ya mahali ulipo mji wetu. Msiri aliuza pembe na shaba, akapata bunduki na baruti pande mbili: mashariki kwa Waswahili, magharibi kwa wafanya biashara wa Benguela. Kwa bunduki hizo alitawala nchi kubwa, hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Nyingi za bunduki zile zilikuwa za gumegume, za kushindilia. Mtutu ulikuwa laini ndani, na risasi ya mviringo ilikuwa ndogo kuliko tundu lake. Ilipopita iligonga huku na huku, ikatoka kwa kufuata upande ilipogonga mwisho. Kwa hiyo mwindaji alipaswa kumnyatia tembo mpaka hatua chache. Ushujaa ulijaza upungufu wa chuma.

Dawa yake ilijulikana Ulaya tangu karne ya 16: kukata ndani ya mtutu mifereji yenye kuzunguka. Mifereji huishika risasi na kuizungusha, nayo huenda sawa, kama pia ya watoto isimamavyo kwa kuzunguka. Lakini kushindilia risasi yenye kubana kulikawia. Mwaka 1849 Minié, askari wa Ufaransa, alitengeneza risasi iliyoingia upesi, kisha ikatanuka kwa nguvu ya baruti na kushika mifereji.

Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890, yaliyotaka kukomesha biashara ya watumwa, yalizuia bunduki za namna hiyo zisiletwe kwa watu wa Afrika. Walioruhusiwa waliuziwa gumegume tu. Hiyo ni sababu moja ya bunduki za kushindilia kukaa vijijini muda mrefu hivi.

Siku hizi wengine wana bunduki ya mifereji yenye durubini. Lakini durubini haijui risasi yaenda wapi mpaka ifundishwe. Chagua mahali penye kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga karatasi risasi tatu za aina moja, kwanza meta 25, kisha meta 100. Usifuate tundu moja. Tafuta katikati ya matundu matatu, ndipo uzungushe skurubu ya durubini. Matundu yakitawanyika, usiiguse skurubu hiyo: kaza vishikizo vya durubini, tuliza pumzi, bonyeza kifyatuo polepole.

Kazi hii si mchezo. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, na kesho yake atakayemkuta labda ni mama anayeokota uyoga. Bayeke walisogea karibu kwa kuwa walijua kipimo cha bunduki zao. Basi mwenye gobore asogee, mwenye durubini apime kwanza, na asiye na hakika ashushe mtutu. Nyama aliyekimbia mzima si hasara. Hasara ni yule aliyekwenda kufia mbali.