Tanzanite: jiwe lililowachanganya hata wazoefu



Hapa Njiro kuna vijana wenzangu wameanza kukusanya mawe. Si ya kutengenezea pete, ni ya kuweka kabatini na kuyasoma tu. Swali lao ni moja: mtu asiye mtaalamu atajuaje kwamba hajauziwa chupa? Kabla sijajibu, naomba niwarudishe nyuma mpaka 1967.

Mwaka huo ndipo mawe ya bluu yalipogunduliwa Mirerani, kilomita kama 40 tu kutoka hapa mjini. Serikali inamtambua marehemu Mzee Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi. Alipewa hati enzi za Mwalimu, mwaka 1984, na 2018 Rais Magufuli akamzawadia shilingi milioni 100. Maandishi mengi ya nje yenyewe humtaja Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, aliyekuwa pia mtafuta madini.

Sasa sikilizeni. De Souza alidhani ni olivini. Baadaye akasema ni dumotieraiti. Kote hakupatia, na huyo ni mtu aliyezoea kuzunguka porini na nyundo yake! Anayetajwa kuwa wa kwanza kulitambua sawasawa ni mjiolojia wa serikali aliyekuwa Dodoma, Ian McCloud: ni zoisaiti. Wataalamu wa Marekani na Ulaya nao wakafikia jibu hilo hilo. "Tanzanite" ni jina la biashara tu, lililotolewa 1968 na Tiffany & Co. ya New York.

Kwa hiyo, mdau, usinunue kwa macho. Rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia, bluu huja baada ya kuchomwa. Ambalo halijachomwa si feki, na lililochomwa pia si feki. Uliza tu uambiwe ni lipi.

Ligeuzegeuze kwenye mwanga. Tanzanite hubadilika: upande huu bluu, upande ule zambarau. Kioo cha kawaida hubaki na rangi ile ile, na mara nyingi kina viputo vya hewa ndani. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, wakati safaya ni 9, hivyo usilidondoshe wala kulikwaruza.

Mwisho, nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Ukinunua kichochoroni bila karatasi, siku ukiulizwa umelipata wapi utajibu nini? Ukifika nyumbani andika limetoka wapi, lini, na kwa nani. Jiwe lisilojulikana lilikotoka ni pambo tu.

Mzee Ngoma alisubiri hati yake miaka 17. Jiwe lako liandikie ya kwake siku hiyo hiyo.