Mmemeto Usioonekana: Historia ya Kasi ya Kuonyesha Upya Skrini za Kompyuta na Utulivu wa Macho, 1981–2015

IKISIRI

Insha hii inachunguza historia ya kasi ya kuonyesha upya picha katika monita za kompyuta na uhusiano wake na utulivu wa macho ya mtumiaji. Masimulizi yaliyozoeleka huieleza historia hiyo kuwa safari ya kiufundi kutoka tarakimu ndogo kwenda kubwa. Insha inadai kwamba kasi iliyohesabiwa kuwa tulivu haikuamuliwa na wahandisi peke yao, bali ilitokana na mvutano baina ya maabara, viwanda na wafanyakazi wa ofisini. Aidha, inabainisha kwamba kiini cha mvutano huo kilikuwa swali moja: je, malalamiko ya mtu ambaye haoni mmemeto wowote yana uzito wa ushahidi?

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1970 na 1980, makarani, wapiga chapa na wahariri wa magazeti nchini Marekani na barani Ulaya walihamishwa kutoka kwenye mashine za taipu na kuketishwa mbele ya skrini. Haikuchukua muda kabla ya kusikika malalamiko ya kuumwa kichwa, macho kuwasha na uoni kufifia jioni baada ya kazi. Wapo waliohofia mionzi. Wapo waliolaumu miwani, viti au taa. Wengine waliinyooshea kidole skrini yenyewe, wakisema kwamba picha yake haikutulia.

Kasi ya kuonyesha upya ni idadi ya mara ambazo picha nzima huchorwa upya katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi (Hz). Mmemeto, kwa maana inayotumika humu, ni kuzidi na kupungua kwa mwanga kwa haraka na kwa kurudiarudia. Dhana hizi mbili huchanganywa mara nyingi, hali ya kuwa si kitu kimoja. Kama itakavyodhihirika, skrini yaweza kuonyesha picha upya mara 60 kwa sekunde bila kumemeta hata kidogo, na nyingine ikamemeta mara mamia kwa sekunde ilhali kasi yake ni ileile ya 60.

2.0 Misingi Iliyotangulia Kompyuta

Elimu ya mmemeto ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1834 Talbot alieleza kwamba mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi ya kutosha huonekana kama mwanga mmoja usiokatika, wenye mng'ao wa wastani. Ferry mwaka 1892, na Porter mwaka 1902, walionyesha kwamba kikomo ambacho jicho huacha kuona mmemeto hupanda kadiri mng'ao unavyoongezeka. Tafiti za baadaye ziliongeza mambo mawili: eneo kubwa la mwanga humemeta waziwazi zaidi kuliko doa dogo, na pembe ya jicho hugundua mmemeto ambao kitovu cha jicho hukikosa. Watu nao hutofautiana. Kasi inayomtuliza mmoja humsumbua mwenzake aliyeketi kando yake.

Sinema ililitatua tatizo hilo kwa hila. Picha 24 kwa sekunde hazikutosha, hivyo kizibo cha projekta kilikata mwanga wa kila picha mara mbili au tatu, na mtazamaji akapata miangaza 48 au 72. Televisheni ilifuata njia nyingine. Mfumo wa BBC wa mwaka 1936 ulichora mistari kwa zamu, nusu ya picha baada ya nusu, mara 50 kwa sekunde. Marekani ilifanya hivyo mara 60. Tarakimu hizo hazikutoka katika maabara ya macho, bali zilioanishwa na umeme wa gridi, ambao ulikuwa wa 50 Hz Uingereza na 60 Hz Marekani. Kenya, Uganda na Tanzania nazo hutumia umeme wa 50 Hz.

Kilichofaa sebuleni hakikuwa lazima kifae ofisini. Televisheni hutazamwa kutoka mbali, mara nyingi katika chumba chenye mwanga hafifu, na picha zake husogea. Monita hutazamwa kwa umbali wa mkono mmoja, saa nane kwa siku, ikiwa na herufi zilizosimama.

3.0 Monita za Mwanzo, 1981–1987

Katika monita ya neli ya kathodi, mwali wa elektroni hupita juu ya fosfori mstari baada ya mstari. Kila nukta hung'aa kwa kitambo kifupi, kisha hufifia hadi mwali urudipo. Mhandisi alikuwa na njia mbili za kupunguza mmemeto: kuongeza kasi, au kutumia fosfori inayofifia polepole.

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilichagua njia ya pili. Monita yake ya maandishi ilionyesha picha upya mara 50 tu kwa sekunde, lakini fosfori yake ya kijani ilikawia kufifia, na herufi zikaonekana zimetulia. Gharama yake ilijitokeza pale maandishi yaliposogezwa juu au chini, kwani yaliacha nyuma yake kivuli cha kijani. Kwa karani aliyesoma ukurasa mmoja kwa muda mrefu, hilo lilivumilika.

Mabadiliko makubwa hayakuwa ya kasi, bali ya rangi ya usuli. Macintosh ya mwaka 1984 ilionyesha herufi nyeusi juu ya usuli mweupe, mithili ya karatasi, kwa kasi ya takriban 60 Hz. Eneo lililong'aa halikuwa tena herufi chache katika giza, bali karibu skrini nzima. Kwa mujibu wa kanuni ya Ferry na Porter, kasi iliyotosha kwa maandishi ya kijani haikuwa na sababu ya kutosha kwa ukurasa mweupe. Hivyo basi, hatua iliyosifiwa kwa kuileta kompyuta karibu na kitabu ndiyo iliyouleta mmemeto mbele ya macho.

Mwaka 1987 unaidhihirisha vema hali hiyo. Mfumo wa VGA wa IBM ulionyesha maandishi kwa 70 Hz na michoro ya nukta 640 kwa 480 kwa 60 Hz. Mwaka huohuo, kampuni hiyo ilitoa mfumo wa 8514 wenye nukta 1024 kwa 768, ambao ulichora mistari kwa zamu kiasi kwamba kila mstari ulirudiwa mara 43.5 tu kwa sekunde. Picha ilikuwa na maelezo mengi zaidi, lakini mistari myembamba ya mlalo ilitetemeka. Ukali wa picha ulinunuliwa kwa utulivu wake.

4.0 Ofisi, Vyama na Sheria

Mwaka 1983 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilitoa ripoti kuhusu skrini, kazi na uoni. Haikuona ushahidi kwamba skrini huharibu macho. Usumbufu ulioripotiwa ulihusishwa na usanifu mbaya wa vifaa na wa mahali pa kazi. Hitimisho hilo lilisomwa kwa namna mbili. Waajiri waliona kwamba wameondolewa lawama. Vyama vya wafanyakazi viliona kwamba, ikiwa usanifu ndio wenye kasoro, basi usanifu unaweza kudaiwa ubadilishwe.

Ulaya ilifuata usomaji wa pili. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini lilitaka picha iwe imara, isiyomemeta. Kiwango cha ISO 9241-3 cha mwaka 1992 kililipa sharti hilo kipimo: skrini ihesabiwe haimemeti iwapo angalau asilimia 90 ya watumiaji hawaoni mmemeto. Nchini Marekani, jiji la San Francisco lilipitisha kanuni ya usalama wa kazi za skrini mwaka 1990, lakini mahakama iliibatilisha mwaka 1992.

Hatua yenye athari kubwa zaidi ilitoka Sweden. TCO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini, lilianzisha nembo yake ya ubora wa monita mwaka 1992. Toleo la mwaka 1999 liliweka kima cha chini cha 85 Hz kwa monita za neli. Chama cha wafanyakazi, na si kiwanda, ndicho kilichoandika tarakimu ambayo watengenezaji wa dunia nzima waliifuata ili waibandike nembo hiyo kwenye bidhaa zao.

Utekelezaji ulikuwa na bei. Nukta 640 kwa 480 kwa 60 Hz zinahitaji mwali upite mistari takriban 31,500 kwa sekunde, ilhali nukta 1024 kwa 768 kwa 85 Hz zinahitaji takriban 68,700. Monita ya bei nafuu haikuliweza hilo. Hata pale kifaa kilipoweza, kompyuta nyingi ziliachwa katika 60 Hz, na mtumiaji asiyejua mahali pa kubadilisha mpangilio aliendelea kuumia mbele ya kifaa chenye uwezo wa kumtuliza.

5.0 Ushahidi wa Kisichoonekana

Kipimo cha ISO kilijengwa juu ya dhana kwamba mmemeto usioonekana hauna madhara. Tayari dhana hiyo ilikuwa imeanza kutikisika. Mwaka 1989 Wilkins na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika ofisi moja nchini Uingereza. Taa za kawaida za mirija, ambazo kwa umeme wa 50 Hz humemeta mara 100 kwa sekunde, zililinganishwa na taa zilizoendeshwa kwa masafa ya juu sana. Chini ya taa za aina ya pili, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa nusu au zaidi, ingawa mmemeto wa 100 Hz hauonekani kwa kawaida. Mwaka 1991 Berman na wenzake walionyesha kwamba retina ya binadamu huitikia kwa umeme mmemeto uliovuka kikomo cha kuonekana, ukiwemo ule wa skrini.

Hata hivyo, haki ya historia inadai upande wa pili usikiwe. Mwaka 1993 Tsubota na Nakamori wa Japani waliripoti kwamba wafanyakazi wa ofisini hupepesa macho takriban mara 22 kwa dakika wakiwa wamepumzika, mara 10 wasomapo kitabu, na mara 7 tu watazamapo skrini. Jicho lisilopepesa hukauka, na ukavu huo hauponywi na kasi yoyote ya skrini. Mlalamikaji alikuwa mkweli kuhusu maumivu yake, lakini angeweza kukosea kuhusu chanzo chake.

6.0 Skrini Bapa na Kurudi kwa Tatizo

Skrini za fuwele za kimiminika zilipoziondoa neli katika miaka ya 2000, ilionekana kana kwamba mjadala umefungwa. Nukta zake hazififii kati ya mchoro na mchoro. Hushikilia mwanga hadi amri mpya ifike. Ndiyo maana 60 Hz, iliyokuwa kero katika neli, ilikubalika katika skrini bapa. Kasi ya juu ya 120 Hz na zaidi, iliyoenezwa na wapenzi wa michezo ya kompyuta, ilileta faida ya aina nyingine: kupunguza ukungu wa vitu vinavyosogea. Kuiuza kasi hiyo kama dawa ya macho ya msomaji wa maandishi yaliyotulia ni kuhamisha hoja ya neli kwenda mahali isipohusika.

Mmemeto wenyewe ulirudi kupitia mlango wa nyuma. Skrini nyingi zenye taa za LED zilipunguza mng'ao kwa kuiwasha na kuizima taa ya nyuma, aghalabu mara mia chache kwa sekunde. Mtumiaji aliyepunguza mwanga ili apumzishe macho ndiye aliyeongezewa mmemeto. Mwaka 2015 taasisi ya IEEE ilitoa mapendekezo, 1789, yanayohusisha hatari na masafa pamoja na kina cha badiliko la mwanga. Mwaka huohuo Davis na wenzake walionyesha kwamba, katika picha zenye kingo kali, binadamu wanaweza kugundua athari za mmemeto hata kwenye 500 Hz.

7.0 Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba tarakimu kubwa ni macho salama. Inathibitisha kwamba kila suluhisho lilibeba tatizo lake: fosfori nzito ilileta kivuli, usuli mweupe ulileta mmemeto, ukali wa picha ulileta mtetemo, na taa ya LED ilirudisha kilichodhaniwa kimezikwa. Inathibitisha pia kwamba kipimo cha asilimia 90, pamoja na manufaa yake, kilimwacha nje mtu mmoja kati ya kila kumi. Mtu huyo hakuwa mzushi wala mvivu. Jicho lake lilikuwa na kikomo tofauti. Mtafiti atakayeendeleza suala hili hana budi kuanza na malalamiko yake, akiyapima bila kuyadharau, na bila kuyachukua kuwa utambuzi wa chanzo.