Mti na Sauti ya Gitaa la Umeme

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, "kibra", ambalo maana yake ni msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu huo, nje ya mji mchanga wa Nairobi. Msitu ule haupo tena. Katika vijiji vya Kibera, kama Lindi, Makina na Kisumu Ndogo, nyumba zimesongamana, na mti hufika humo ukiwa umekwisha kuwa ubao: wa kitanda kikuukuu, wa sanduku la shehena, au wa mlango uliong'olewa. Kijana wa Lindi atamaniye gitaa la umeme na asiye na fedha za kulinunua, mbao za namna hiyo ndizo zilizo karibu na mkono wake. Je, gitaa lililoundwa kwa mbao hizo laweza kuwa na sauti njema? Historia ya ala hii yaweza kutujibu.

Katika ala zetu za kale, mti na ngozi ndivyo vitoavyo sauti. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, na kitako chake ni mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi. Mpigaji agusapo uzi, mtetemo hushuka mpaka kwenye ngozi. Ngozi husukuma hewa, na hewa hutuletea sauti masikioni. Gitaa la sanduku hufuata kanuni iyo hiyo, isipokuwa mahali pa ngozi pana ubao mwembamba. Ubao huo ukiwa mnene kupita kiasi, sauti hufifia. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, hupasuka. Kwa hiyo fundi wa gitaa la sanduku hana budi kuchagua mti wake kwa uangalifu mkubwa.

Gitaa la umeme lilikuja Kenya baada ya lile la sanduku. Fundi Konde, aliyekuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipiga nchini. Katika miaka ya 1960 wanamuziki wa studio za Nairobi, kama Fadhili William na Daudi Kabaka, waliizoeza Afrika Mashariki sauti yake.

Kanuni ya gitaa hili ni nyingine. Chini ya nyuzi zake za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi utetemekapo juu ya sumaku, huamsha mkondo mdogo wa umeme katika waya, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo huo hukuzwa na mashine hata ukawa sauti kubwa. Basi kinachosikilizwa na sumaku ni uzi, si ubao.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi. Mwaka 1932 Wamarekani walianza kuuza gitaa la umeme la kupigwa mapajani, lililokuwa alumini tupu, kiwiliwili na shingo. Mwaka 1950 Leo Fender wa California aliuza gitaa la ubao mzima usio na uwazi wa sanduku, na shingo yake ilifungwa kwa skrubu. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ikatoa lake, la mahogani lililofunikwa kwa ubao wa mti mgumu zaidi, na shingo yake iligandishwa kwa gundi. Sauti za magitaa hayo mawili hazikufanana, na wengi wakasema kuwa tofauti ni ya miti. Lakini nyuzi za Fender zilikuwa na urefu wa milimita 648, na za Gibson takriban 628. Sumaku zake zilikuwa mbalimbali, na viungo vya shingo vilikuwa mbalimbali. Mambo manne yakibadilika pamoja, si haki kuupa mti peke yake sifa yote.

Je, mti hauna kazi basi? Unayo, nayo ni kuushika uzi usiyumbe. Shingo iliyo laini hutetemeka pamoja na uzi na kuunyang'anya nguvu, na sauti fulani hufa upesi kuliko jirani zake. Ubao mbichi hunywea ukaukapo, shingo ikapinda, na nyuzi zikagusa vyuma zisivyopaswa kugusa. Kwa sababu hiyo mafundi hupenda miti migumu na mikavu. Mninga husifiwa kwa kuwa hunywea kidogo. Mpingo, uotao katika mkoa wa Lindi ile nyingine, iliyo pwani ya kusini ya Tanzania, ni mzito hata huzama majini, na ubao wake wa vidole haulikiki upesi. Lakini mpingo ni mti ukuao polepole, na tangu mwaka 2017 biashara ya magogo na mbao zake kuvuka mipaka yatakiwa hati maalumu.

Tutazame mfano mmoja mkubwa. Mwaka 1963 huko London, Brian May, kijana wa miaka 16, alianza kuunda gitaa la umeme pamoja na baba yake, kwa kuwa hawakuweza kumudu la dukani. Shingo waliichonga kutoka ubao wa mahogani uliokuwa juu ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu waliyaziba kwa njiti za viberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka katika meza kuukuu. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Gitaa hilo lilisikika dunia nzima katika bendi ya Queen, nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Na mwaka 2002 May alilipiga juu ya paa la jumba la kifalme la Buckingham.

Ubao wa meko ulikuwa na fadhila moja ambayo ubao mpya wa dukani aghalabu hauna: ulikuwa umekauka kwa miaka mingi. Fadhila hiyo yapatikana hata katika mguu wa kitanda kikuukuu huko Lindi. Fundi auchague ulionyooka na usio na ufa, akate shingo akifuata mkondo wa mti, na aunge kiungo kisichopitisha hata karatasi. Kisha apime vyuma vya shingoni: urefu wa uzi augawanye kwa 17.817, na jawabu ndilo umbali wa chuma cha kwanza. Baki aligawanye vivyo hivyo, hata chuma cha 12 kiangukie katikati kabisa ya uzi. Akikosea hesabu hiyo, gitaa lake halitaimba kweli, ijapokuwa ni la mpingo mtupu. Wazee walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Na nyenzo za kazi hii ni rula, msumeno mkali na subira.