Kisa, Funzo na Kianzio: Maneno Matatu katika Historia ya Filamu Fupi

Mwalimu mmoja wa Digodigo, katika Wilaya ya Ngorongoro, ametuandikia barua akiomba msaada wa neno moja tu. Yeye na wanafunzi wake wanajaribu kutunga filamu fupi, na kila mwanafunzi alitakiwa aeleze kwa sentensi moja au mbili hali ambayo kisa chake kitaanzia. Mwalimu hakuwa na jina la kuiita sentensi hiyo. Kwanza aliwaambia waandike "wazo", wakaandika methali. Akawaambia waandike "kiini", wakaandika mawaidha. Alipokusanya madaftari aliona kwamba visa karibu vyote vilikuwa kimoja: watu wawili, mmoja mwerevu na mwenziwe mjinga, mwerevu akasikia ushauri akafanikiwa, mjinga akakaidi akaangamia. Mwalimu anauliza, je, kosa ni la watoto, au ni la neno alilowapa?

Swali hili linawahusu pia wafasiri wanaoletewa miswada ya filamu, na maofisa wa serikali ambao idara zao huagiza filamu fupi za afya, kilimo na maji. Jibu letu ni kwamba kosa si la watoto. Neno lina sehemu yake, lakini nyuma ya neno kuna historia ya karibu miaka tisini, na hatuna budi kuipitia kabla hatujapendekeza lolote.

Mradi wa Vugiri

Mwezi Machi 1935 ulianza nchini Tanganyika mradi uliojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwaelimisha Wabantu kwa njia ya sinema. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Aliyesimamia utengenezaji wa filamu ni Meja L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikoanza kufikiri kwamba sinema ingeweza kuwafanya vibarua watulie kazini. Aliyesimamia upande wa elimu ni G. C. Latham. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika Shirika la Carnegie la New York. Hadi mradi ulipokoma mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, zikihusu mambo kama safura, malaria ya watoto wachanga, kahawa, kodi na akiba ya posta.

Tuitazame hiyo ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanalipwa mishahara yao. Mmoja anachimba shimo na kuficha fedha zake ndani, mwizi anamwona na kuziiba. Wa pili anazipeleka zake katika Benki ya Akiba ya Posta, na zinakaa salama. Kisa kimekwisha. Mtazamaji hana la kujiuliza, kwani jibu lilikuwapo kabla ya swali.

Zilikuwapo sababu mbili za kutunga visa kwa namna hiyo. Ya kwanza ni ya ufundi. Katika filamu za Vugiri sauti haikuwamo ndani ya utepe wa picha. Ilirekodiwa katika sahani za santuri, zikachezwa sambamba na picha. Maelezo yalitolewa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na lugha nyingine. Basi waliokuwa katika picha walitenda, na msimulizi asiyeonekana ndiye aliyesema. Kisa ambacho wahusika wake hawasemi wenyewe huelekea upesi kuwa mahubiri ya anayesema kwa niaba yao.

Sababu ya pili ni ya kisiasa, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, iliyodumu hadi 1955. Mkuu wake, William Sellers, ambaye hapo awali alikuwa katika kazi za afya huko Nigeria, alifundisha kwamba filamu za kuwaonyesha Waafrika ziende polepole, ziepuke mbinu za kamera, na zishike jambo moja tu kwa wakati mmoja. Hadithi moja ilirudiwa mno na watu wa fikra hizo: eti wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima walisema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile, kwa hiyo hawana haja ya kuogopa. Waliosimulia hadithi hiyo hawakujiuliza kama msemaji alikuwa anawafanyia mzaha. Mtu aliyezoea ngano ambamo sungura anamhadaa simba hashindwi kuelewa picha ya mbu aliyekuzwa.

Hivyo visa vya "Bwana Mwerevu na Bwana Mjinga" vikawa kigezo. Ndani ya kigezo hicho umefichwa usemi usiotamkwa: kwamba maarifa hutoka nje ya kijiji, na kwamba mwerevu ni yule anayeyapokea bila kuuliza.

Kutoka Muhogo Mchungu hadi Pumzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili zilizochezwa na wananchi. Iliyokumbukwa kuliko zote ni Muhogo Mchungu, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Inamhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam bila kuujua mji. Mshamba angali anachekwa, na katika hilo kigezo cha zamani hakijaondoka. Hata hivyo kuna hatua moja mbele: wahusika wanasema Kiswahili chao wenyewe, na mtazamaji ana la kungojea, yaani mji utamfanya nini mtu huyu.

Baada ya Uhuru wa 1961, na hasa baada ya kuundwa kwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, kazi ilikuwa mikononi mwetu. Lazima tuseme kweli: kigezo hatukukiacha mara moja. Katika Fimbo ya Mnyonge, filamu ya miaka ya 1970, mkulima anakwenda mjini, anataabika, kisha anapata njia katika kijiji cha ujamaa. Nia ilikuwa njema, na tofauti na filamu za wakoloni ni kubwa, kwa kuwa safari hii maarifa yalitafutwa ndani ya nchi. Lakini kwa muundo wake, funzo lingali mbele na kisa kingali nyuma.

Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, yenye urefu wa dakika 36. Mariamu anaumwa, na matibabu ya hospitali hayajamsaidia. Mumewe anataka ampeleke kwa mganga wa jadi, lakini Mariamu anawaogopa waganga tangu utotoni. Msomaji aone tofauti. Katika hali hii hakuna mjinga. Mume ana sababu zake na mke ana zake, wala haiwezekani kujua nani atashinda kwa kutazama nani amevaa viatu. Mtazamaji analazimika kukaa hadi mwisho.

Mfano mwingine unatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya dakika 21 aliyoiita kwa neno la Kiswahili, Pumzi. Ni wakati ujao. Vita vya maji vimekwisha, nchi ni kavu, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa na maji hutolewa kwa kipimo. Mwanamke aitwaye Asha anapokea udongo usiotarajiwa, anapanda mbegu, nayo inaota. Je, aende nje, mahali ambapo amekatazwa? Filamu inafundisha, hapana shaka, lakini haimwambii mtazamaji, "Panda miti." Inamweka mahali pa Asha na kumwachia uamuzi.

Maneno yenyewe

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya istilahi. Jina "filamu fupi" halina tatizo. Chuo cha Marekani kinachotoa tuzo za Oscar huhesabu kuwa fupi filamu isiyozidi dakika 40, na kipimo hicho chafaa kutuongoza. Tatizo ni sehemu za ndani.

Neno la kwanza ni kisa. Kiswahili kina bahati hapa, kwa maana neno hili lina sura mbili. Ni jambo lililotokea likasimuliwa, na pia ni sababu, husemwa, "Kisa cha ugomvi wao ni nini?" Msimulizi wa Kiswahili, kwa lugha yake yenyewe, anakumbushwa kwamba hadithi haitengani na kilichoisababisha.

La pili ni funzo. Hili ni jambo ambalo mtazamaji huondoka nalo, na mahali pake ni mwisho. Halipaswi kuchanganywa na dhamira, ambayo ni nia ya mtunzi.

La tatu ndilo tulilokosa. Tumepima maneno manne. "Wazo" ni pana mno. "Kiini" huvuta fikra kwenye maudhui, na ndiyo maana wanafunzi wa Digodigo waliandika mawaidha. "Chanzo" kinachanganya, kwa sababu chanzo cha filamu chaweza kuwa kitabu au ngano ambamo kisa kimetolewa. Tunapendekeza kianzio, na kwa ukamilifu, kianzio cha kisa, kwa maana hii: hali iliyoelezwa kwa kifupi, yenye mhusika, haja yake na kizuizi chake, ambayo huzaa swali lisilojibiwa bado. Kipimo chake ni rahisi. Sentensi ikiweza kugeuzwa kuwa methali bila kupungukiwa na kitu, si kianzio, ni funzo.

Kurudi Digodigo

Neno lisilofanya kazi mahali lilipoombwa halina faida. Digodigo ni nchi ya Watemi, ambao majirani zao waliwaita Wasonjo. Ni watu wenye lugha ya Kibantu waliozungukwa na Wamaasai. Tangu kale wanamwagilia mashamba yao kwa mifereji, na ugawaji wa maji umekuwa chini ya wazee waitwao wenamiji, jina ambalo Mswahili yeyote atasikia ujamaa wake na "wenye miji". Mtaalamu Robert F. Gray aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1963. Hebu tufikiri kwamba gari la sinema la Vugiri lingefika hapa na filamu ya mkulima mwerevu anayefundishwa kumwagilia shamba na mkulima mjinga anayekaidi. Mjinga angekuwa nani? Kigezo kile kingeanguka palepale, kwa kuwa maarifa tayari yalikuwa mferejini.

Kwa hiyo tunamjibu Ndugu Mwalimu kwa mifano. "Asiyeshika zamu ya maji hupoteza mavuno" ni funzo, alifute ubaoni. Badala yake wanafunzi wafikirie hivi. Zamu ya maji ya mama mjane imeangukia usiku ambao mtoto wake ana homa kali. Akienda mferejini atamwacha mtoto, akikaa nyumbani maji yatampita. Au hivi: ndugu wawili hawasemezani mwaka wa tatu sasa, lakini mfereji wao ni mmoja, nao umebomoka. Au hivi: kijana amerudi kutoka Arusha na pampu ya maji, na wazee wanamwuliza ni nani atakayeigawia zamu. Hivi vyote ni vianzio. Mtoto yeyote wa Digodigo anaweza kuandika kumi zaidi ya hivyo, kwa sababu anaishi navyo.

Kwa maofisa wanaoagiza filamu tunatoa shauri moja. Katika karatasi ya maelezo anayopewa mtengenezaji, kianzio na funzo viandikwe mahali pawili tofauti, na kianzio kitangulie. Idara ikishindwa kujaza mahali pa kianzio, ijue kwamba bado haijapata filamu, imepata tangazo. Kwa wafasiri, tunaomba wasiyatafsiri yote mawili kwa neno "ujumbe", kama ilivyozoeleka.

Kianzio bado ni pendekezo, halijasanifiwa. Wasomaji walio na neno lililo bora zaidi, ama la Kiswahili cha pwani ama la lugha nyingine zetu za Kibantu, Kitemi kikiwamo, watuletee pamoja na mfano wa matumizi yake. Nakala ya makala haya tumempelekea mwalimu aliyeuliza, na tumemwomba atuletee vianzio vya wanafunzi wake, ili neno lipimwe kwanza na wale waliolihitaji.