Fidia na Kiboko: Habari za Hukumu katika Nchi ya Rungwe

Maneno ya hukumu katika Kiswahili yana asili mbalimbali. Hakimu, sheria na fidia ni ya Kiarabu. Gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Jela, faini na kesi tumeyapata kwa Waingereza. Zamani za Wajerumani palikuwa na hamsa ishirini, yaani viboko 25, na watu walilitamka neno hilo kwa hofu. Kila utawala ulikuja na dawa yake ya kuponya uhalifu. Wachunguzi wa uchumi siku hizi huuliza ni dawa ipi hasa iponyayo, na swali hilo laweza kuulizwa juu ya historia ya wilaya moja. Nimechagua Rungwe kwa kuwa habari zake ziliandikwa mapema na kwa uangalifu.

Godfrey Wilson alifika huko mwaka 1934, na mkewe Monica akamfuata mwaka 1935. Wakachunguza mambo ya Wanyakyusa hata mwaka 1938. Walikuta watu wasiokaa kwa koo bali kwa vijiji vya marika, wanaume wa umri mmoja pamoja. Kwa hiyo jirani wa mtu hakuwa nduguye, na ugomvi wa majirani haukuweza kumalizwa na baba wa ukoo. Wagomvi walimwendea rafiki au jirani aliyeheshimiwa, naye akawasikiliza na kusema ni nani mwenye haki. Mwamuzi huyo hakuwa na askari wala kifungo. Mbona basi aliyeshindwa alilipa ng'ombe? Alilipa kwa sababu alitaka kubaki katika ukwangala, yaani raha ya kuzungumza, kula na kunywa na wenzake. Tena aliogopa pumzi ya watu, ambayo kwa imani yao humletea baridi na maradhi mtu aliyewachukiza majirani.

Hata hivyo tusiyasifu mno mambo ya kale. Pumzi hiyo hiyo ilikuwa ndugu wa tuhuma za uchawi, na mtuhumiwa alinyweshwa mwafi ili ijulikane kama ana hatia. Mzinifu naye aliweza kuuawa kwa mkuki bila ya shauri lolote kusikilizwa.

Wajerumani walipoweka boma lao Tukuyu, wakipaita Neu-Langenburg, walileta hukumu ya namna nyingine. Amri ya mwaka 1896 iliweka kipimo cha viboko 25 kwa mara moja. Neno letu shauri likaingia katika Kijerumani cha makoloni, likiandikwa Schauri, kwa maana ya kesi isikilizwayo bomani; yaani neno la kushauriana likawa jina la kuhukumiwa. Na kiboko peke yake hakimrudishii mtu ng'ombe wake.

Chini ya Waingereza, sheria ya mwaka 1926 iliwatia nguvu watawala wenyeji. Mashauri yaliyojaza mabaraza ya Rungwe yalikuwa zaidi ya wanawake na ng'ombe wa mahari: uzinzi, talaka, na madai ya kurudishiwa mifugo. Wazee walinung'unika kwamba uzinzi umezidi kwa kuwa mkuki umeondolewa na fidia tu imebaki. Hoja yao ni ile ile aliyoiandika Gary Becker wa Marekani mwaka 1968, kwamba kosa lina bei yake, na bei ikishuka wanunuzi huongezeka.

Lakini wazee walihesabu upande mmoja tu. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa akina baba, ambao wengi wao walioa wake wengi. Kijana alioa miaka mingi baada ya wasichana wa umri wake kuolewa. Akaenda kutafuta fedha katika dhahabu ya Lupa, au katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, au Afrika Kusini. P. H. Gulliver, aliyechunguza wilaya hiyo katika miaka ya 1950, alieleza pia jinsi ardhi ilivyopungua na wahamaji walivyoongezeka. Kwa maoni yangu, fidia haikushindwa kazi. Sababu za kosa ndizo zilizokua.

Mwaka 1963 Tanganyika iliondoa utawala wa machifu, ikatunga sheria ya mahakama za mwanzo, na pia sheria ya adhabu za chini kabisa: kwa wizi wa namna fulani, ukiwamo wizi wa mifugo, kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24, 12 wakati wa kuingia na 12 wakati wa kutoka. Sheria mpya ya mwaka 1972 iliviacha viboko hivyo, ingawa habari ya kiboko katika Tanzania haikwisha hapo. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali waonyesha kwamba mhalifu huzuiwa na hakika ya kukamatwa kuliko uzito wa adhabu.

Ushahidi mmoja wastahili kutajwa hapa. Katika Liberia, wachunguzi walichagua kwa kura miji 86 kati ya 246, na wakazi wake wakafundishwa njia za kusuluhishana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: baada ya mwaka mmoja, magomvi ya ardhi yalimalizwa zaidi na mapigano yakapungua; lakini watu kuadhibiana wenyewe nje ya sheria kuliongezeka. Msomaji atakumbuka jirani asiye na askari, na atakumbuka mwafi.

Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na tangu mwaka 2021 kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kusuluhisha tu, si kuamua. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama zote. Kabla ya hapo shauri lililosikilizwa kwa Kiswahili katika mahakama ya mwanzo ya Tukuyu liliweza kukatiwa rufaa hata Mahakama Kuu, na hukumu yake ikaandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo majirani wengi wa wagomvi hawakuijua. Hivyo hawakuweza kuipima hukumu hiyo wala kumsema aliyeikaidi. Neno ukwangala, kwa upande wake, bado halijapata mwenzi katika kamusi zetu za sheria: suluhu ni mwisho wa ugomvi, na amani ni pana mno.