Waliomalizia kuiunda Gold Wing

Honda ilipoionyesha Gold Wing GL1000 mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, mwendeshaji wake aliachwa kifua wazi mbele ya upepo. Injini haikuwa na mfano wa karibu: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ukubwa wa cc 999, ikipozwa kwa maji na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Tangi la mafuta lilishushwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, na pale juu ambapo jicho limezoea kuliona pakawekwa kasha lenye umbo la tangi. Ubavu wa kasha hilo ulifunguka kama bawa, na ndani mlikuwa na vifaa vya umeme, nafasi ndogo ya kuwekea vitu, na mkono wa kiki wa kuchomeka siku betri ikigoma. Waliobuni hayo walifikiri sana. Hata hivyo hawakuweka kingaupepo, wala masanduku, wala egemeo la abiria. Ninavyoona, pikipiki ya safari ndefu kama tunavyoijua leo ilikamilishwa na wenye pikipiki wenyewe, pamoja na watengenezaji wadogo wa Marekani, na kiwanda kikaja baadaye kuifuata njia waliyokwisha kuichonga.

Chanzo kilikuwa barabara. Sheria ya mwaka 1956 iliidhinisha mtandao wa barabara kuu za Marekani wa takriban kilomita 66,000, na nyingi kati ya hizo hunyooka kwa saa nzima bila kona ya maana. Katika mwendo wa namna hiyo upepo humsukuma mwendeshaji kifuani bila kukoma. Hulazimika kujishikilia kwa usukani, na maumivu yakaanza mikononi, yakapanda mabegani hadi shingoni. Craig Vetter, aliyekuwa na karakana Rantoul, jimbo la Illinois, aliujibu upepo huo mwaka 1971 kwa kingaupepo aliyoiita Windjammer: gamba pana lenye kioo juu na taa kubwa katikati. Werevu wake ulikuwa kwenye vyuma vya kufungia. Gamba lilikuwa lilelile kwa pikipiki nyingi, vikabadilika vyuma tu kulingana na modeli, hivyo muuza duka hakuhitaji kujaza ghala kwa ajili ya kila aina. Tena lilifungwa kwenye fremu, si kwenye usukani, kwa hiyo dhoruba ya pembeni haikuugeuza usukani moja kwa moja. Wengine wakaleta masanduku ya pembeni, sanduku la nyuma, viti vipana na redio, na Gold Wing ikawa mteja wao mkubwa.

Mtu atasema Harley-Davidson iliuza mikoba ya pembeni zamani, na kwamba kuanzia 1969 Electra Glide ilipata kingaupepo yake ya kiwandani. Atasema pia kwamba BMW ilitoa R100RS mwaka 1976 ikiwa na gamba lililochongwa kwa vipimo vya upepo. Yote ni kweli. Lakini gamba la Harley lilipanda kwenye usukani na kugeuka nao, na lile la BMW lilitengenezwa kwa mtu anayeinama na kwenda kasi. Honda ilipotoa GL1100 Interstate mwaka 1980, iliyokuja kuunganishwa Marysville, Ohio, haikuiga yoyote kati ya hayo mawili: kingaupepo pana iliyoshikwa na fremu, masanduku mawili ubavuni na moja nyuma, yaani mkusanyiko uleule ambao wateja walikuwa wakiununua kipande kwa kipande.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema vifaa hivyo viliharibu pikipiki nzuri. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli hulipunguzia gurudumu la mbele uzito, na chombo huanza kuyumba kwenye mwendo mkali. Hilo si jambo la kubishia, na waliofunga kila walichokiona dukani walijihatarisha. Lakini kosa hilo ndilo lililokilazimisha kiwanda kufanya kazi yake. GL1100 ilirefushwa kati ya magurudumu na kupewa shokabu za kujazwa upepo, zinazoweza kurekebishwa kulingana na mzigo. Bila wale waliopakia kupita kiasi, sioni nini kingewasukuma wahandisi kufika hapo haraka hivyo.

Biashara ya Windjammer ilikuwa ngumu kuendelea baada ya hapo, na Vetter mwenyewe alikuwa ameshaiuza kampuni mwaka 1978. Kilichobaki mikononi mwa mafundi wa nje ni kiti. Kiwanda hushona kimoja kwa wote, ilhali mapaja, kiuno na urefu wa miguu hutofautiana. Ndiyo maana kampuni ya Mike Corbin huko Hollister, California, imeendelea kuwashonea viti wenye Gold Wing hata baada ya Honda kuweka redio, sanduku na gia ya kurudi nyuma.