Epoksi ya kuziba mbao za kayaki

Tabaka la kwanza la epoksi hupakwa jembamba kwenye mbao tupu za kayaki kabla ya kitambaa cha nyuzi za kioo, ili mbao isije ikainyonya epoksi ya kitambaa. Wapo wanaoliruka tabaka hili, lakini kwa mbao inyonyayo sana, ni kujitafutia kazi. Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tatizo ni baridi ya Julai: epoksi huchelewa kushika, na unyevu huweza kuacha utando wa mafuta unaooshwa kwa maji kabla ya kupiga msasa. Mbao inayopata joto hutoa hewa na kuzua viputo, hivyo hupakwa jioni inapopoa. Kayaki za maporomoko ya mto Sagana, hata hivyo, kwa kawaida ni za plastiki, hivyo hazihitaji tabaka hili. Wala epoksi si njia pekee ya kuziba mbao: Lamu, majahazi hutiwa kalafati ya pamba, kisha sifa, mafuta ya papa.